Nyambura Ananunua Mashine ya Kusaka Chuma

Nyambura wa ofisi yetu ya upimaji wa ardhi pale Thika alinitumia picha tatu kwenye simu, na swali moja chini yake: "Guka, nichukue gani?"

Bado sijawa guka wa mtu yeyote. Nina miaka hamsini na kitu. Nilistaafu mapema kwa sababu magoti yangu yaliacha kazi kabla yangu, na mwili uliobaki ukaona si adabu kuyaacha yaende peke yao. Lakini ofisini kwetu mtu akishaagwa kwa keki na kupewa saa ya ukutani, anakuwa babu wa wote siku hiyo hiyo, hata awe na umri gani.

Picha zilikuwa za mashine za kusaka chuma ardhini, zile zenye mkono mrefu na sahani mwishoni, ambazo vijana huziita ditekta. Nyambura ameanza kupima ploti mwaka huu, na amechoka kuazima ya ofisi, ambayo mkono wake umefungwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Ningeweza kumjibu kwa neno moja, nikarudi kwenye chai yangu. Lakini chini ya swali alikuwa ameongeza kwamba wiki ijayo anatumwa Gitothua, huko Ruiru, kwenye ploti ya gorofa zinazouzwa. Mnunuzi analalamika kwamba ukuta wa mpaka umepinda, na anataka unyooshwe.

Nikaweka kikombe chini. Ukuta huo naujua. Nilikuwepo ulipopinda.

Kwa hiyo jibu limekuwa refu, Nyambura, nawe utanisamehe. Mstaafu akiulizwa swali hufurahi kupita kiasi. Ukiwa na haraka unaweza kuruka mpaka mwisho. Lakini ukiruka, najua utakachonunua: ile nyeusi ya kwanza kwenye picha, yenye kioo kinachowaka kama simu ya bei. Na mashine ya aina hiyo, siku ile ya Gitothua, ingemtoa kaburini mume wa jirani wa ploti hiyo, Mama Wangari.

Nilianza kazi nikiwa na shahada na viatu vya ngozi. Vyote viwili vilikuwa vimeng'arishwa. Mwenye ofisi alikuwa Bi Wairimu, mpimaji mwenye leseni, mama mfupi wa kofia ya kijani ambaye hakwenda shambani bila chupa ya chai ya tangawizi. Aliniangalia kuanzia juu, akakawia chini.

"Viatu vizuri sana," akasema. "Ni vya kuzikwa navyo?"

Asubuhi hiyo hiyo tulikwenda kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, moja ya yale yaliyokuwa yanakatwakatwa kuwa ploti. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni kama shuka ambayo hakuna mtu aliyetaka kuikunja. Tulitembea kati ya mistari, umande ukilowesha suruali mpaka mapajani, na Bi Wairimu alikuwa mbele akichoma ardhi kwa mtaimbo: tk, tk, tk. Nilidhani anatafuta njia. Alikuwa anatafuta bikoni.

Kwa asiyejua, bikoni ni pini ya chuma iliyozikwa ndani ya zege kwenye kila kona ya ploti. Ikiwepo, mpaka upo. Ikipotea, majirani waliosalimiana miaka yote huanza kupitana kimya langoni. Na bikoni hupotea. Majani huoza juu yake, jembe husukuma udongo, mvua huleta mwingine, na baada ya miaka imeshuka chini kama kitu kilichopitiwa na usingizi. Wengine huing'oa na kuipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wengine huihamisha, lakini hao wana kesi zao.

Mtaimbo ulipogonga zege, mlio ulibadilika. Bi Wairimu alisimama, akanipa mtaimbo, akaniambia nigonge pembeni, kisha pale penyewe. Nikagonga. Sijui nieleze vipi. Chuoni nilikuwa nimejifunza kupima pembe mpaka sehemu ndogo kabisa ya digrii, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ardhi hujibu. Nilirudi nyumbani viatu vikiwa vimeharibika, nikalala nikisikia tk, tk, tk mpaka ndotoni.

Mashine zilikuja baadaye. Ofisi ilikuwa na moja kuukuu, nzito, ndani ya sanduku la mbao, ambayo Bi Wairimu hakumwazima mtu yeyote aliyekuwa bado anachomekea shati. Nikaamua kununua yangu. Duka nililokwenda liliuza pia redio na mashine za kunyolea, na muuzaji alinisifia bidhaa yake kwa nusu saa.

"Hii hata dhahabu inashika," akasema. "Na haikusumbui na takataka. Misumari, sijui mabati, hiyo yote inaruka. Inajua kuchagua."

Msomi yeyote hupenda kitu kinachojua kuchagua. Nilinunua.

Nikaenda nayo Ruiru kutafuta bikoni moja tu, kwenye kona ya shamba lililokuwa na mgogoro mdogo. Nilitembea asubuhi nzima nimevaa hedifoni kama rubani. Nikapata karatasi ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa. Nikapata kifungo cha shaba, mpini wa kijiko, na senti ya zamani yenye tundu katikati, ambayo bado ninayo. Bikoni sikuipata. Mchana nilikaa kwenye kichuguu kidogo cha udongo nikafungua chakula changu. Bi Wairimu alikuja na mtaimbo, akaniomba nisogee kidogo, akauchoma mahali nilipokuwa nimekalia.

Tk.

Aliichukua mashine yangu, akaipitisha juu ya pini. Kimya. Akaipitisha tena. Kimya cha mtu mwenye heshima zake.

"Haiya," akasema. "Kijana, umenunua mbwa anayekataa nyama."

Hilo ndilo jambo la kwanza, Nyambura, na ni kubwa kuliko yote yatakayofuata. Mashine nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaotafuta sarafu, pete na dhahabu. Kwao chuma ni takataka, kwa hiyo mashine hufundishwa kukinyamazia. Sisi chuma ndiyo nyama. Ile nyeusi ya kwanza kwenye picha zako inajisifu kwenye sanduku lake kwamba hukikataa chuma yenyewe, bila kuulizwa. Usichukue chombo kinachoamua kwa niaba yako kitu gani hakistahili kusikika. Kama ina swichi ya kuzima hiyo busara yake, sawa, izime na uisahau. Kama haina, iache dukani pamoja na redio.

Jambo la pili ni udongo. Udongo wetu mwekundu, kuanzia Ruiru mpaka ng'ambo ya Thika, una chuma ndani yake wenyewe. Ndiyo maana ni mwekundu, na ndiyo maana soksi zako hazitakuwa nyeupe tena. Mashine isiyojua hivyo italia kila hatua, na wewe utachimba mashimo kama fuko. Tafuta yenye kitufe cha kuizoesha udongo. Unasimama mahali pasipo na kitu, unainua sahani na kuishusha karibu na ardhi, polepole, unageuza kitufe kidogo kidogo, mpaka kelele zinapungua, zinakuwa mvumo, mvumo unakuwa pumzi, na pumzi inatulia. Ni kama kubembeleza mtoto, isipokuwa anayelala ni mashine na anayetulia ni wewe.

Nakiri niliipenda sehemu hiyo kuliko kazi yenyewe. Mara nyingine niliizoesha mashine muda mrefu kuliko ilivyohitaji, nikisimama tu pale na hedifoni masikioni, macho nusu yamefumbwa, Barabara Kuu ikinguruma mbali kama maporomoko. Chini ya Ruiru kuna Ruiru nyingine. Chini ya gorofa kuna nyaya za meza ambazo kahawa ilianikwa juu yake. Kuna majembe yaliyokatika, kengele za baiskeli, visoda vya vinywaji ambavyo havitengenezwi tena, kufuli zilizofungwa na funguo zikapotea. Vyote vinavuma taratibu, kila kimoja kwa sauti yake, na juu yake watu wanaanika nguo na kuosha magari. Niliwahi kuota kwamba mashine imeachwa ikiwa wazi usiku kucha, na asubuhi mibuni yote ilikuwa imerudi, mistari imenyooka, ikipita katikati ya vyumba vya watu, nao wanaipisha wakienda kazini.

Nilimweleza Bi Wairimu ndoto hiyo. Akaniuliza kama nilikula maharagwe.

Mambo mengine ni madogo, nitayapitia haraka. Chukua nyepesi, kwa sababu hata ile unayoiona nyepesi dukani itakuwa nzito saa sita. Chukua inayotumia betri za kawaida, zinazouzwa kila kibanda, kwa sababu ile ya kuchajiwa itazimika siku ambayo mwenye shamba amesafiri kutoka mbali kuja kukutazama. Na angalia viatu vyako. Mwenzetu Otieno, mtu makini sana, alinunua buti za usalama zenye chuma puani, akafuata ishara nzuri, yenye nguvu, upande wote wa chini wa shamba. Ishara ilikuwa inatembea mbele yake kila alipotembea. Alikuwa anapima miguu yake mwenyewe.

Bado sahani. Lakini ya sahani siwezi kuyaeleza bila Gitothua.

Mama Wangari ni fundi wa cherehani. Duka lake liko mbele ya ploti yake, nyumba katikati, na nyuma kabisa, kwenye kona ya chini, amelala mumewe. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa kahawa, akapata ploti hiyo shamba lilipogawanywa. Alipofariki hawakulijengea kaburi. Palikuwa na msalaba wa mbao ambao mchwa waliumaliza, na kando yake kichaka cha maua yenye majani marefu kama panga, meupe yakichanua baada ya mvua. Basi.

Ploti ya pembeni yake ilinunuliwa na Karanja, mtu wa Githurai, aliyetaka kujenga gorofa za kupangisha. Tingatinga lilikuwa limeshakodiwa, lingeanza kuchimba msingi Alhamisi. Michoro yake ilionyesha mpaka ukipita ndani zaidi ya vile Mama Wangari alivyoamini, na kaburi lote likiwa upande wa Karanja. Bikoni ya mbele ya mpaka huo tulikuwa nayo, imekaa salama chini ya kibaraza cha duka la cherehani. Ya nyuma haikuonekana. Tulijaribu kuikokotoa kutoka kwa bikoni nyingine za mbali, lakini ploti zile zilipimwa zamani kwa mnyororo unaopita juu na chini ya mibuni, na kila hesabu ilitupa jibu lake. Tofauti ilikuwa kama hatua moja au mbili. Mahali pengine hatua mbili ni za kucheka. Pale zilikuwa urefu wa mtu.

Msidhani Karanja alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kwetu. Alikuja amevaa kofia ya jua, akasimama mbali kidogo na kaburi, mikono nyuma.

"Mama, mimi siwezi kujenga juu ya mtu," akasema. "Hiyo hapana. Lakini pia siwezi kununua ploti halafu naambiwa chini kuna mwenyewe. Kama ako kwangu, tutafuata sheria, tumhamishe vizuri, na pasta, na kila kitu. Mimi nitasimamia."

"Hahamishwi," Mama Wangari akajibu. Alikuwa na futi ya fundi shingoni, hakuitoa siku zote tulizokuwa pale. "Huyu mzee alihamishwa akiwa hai mpaka akachoka. Leo laini hii ya nyumba za wafanyakazi, kesho ile. Aliniambia hapa ndio mwisho. Nani atamwamsha amwambie ilikuwa mchezo?"

Karanja alivua kofia, akaivaa tena.

Nilikuwa na mashine mpya wakati huo, nzuri, inayokubali chuma, yenye sahani pana kama sinia ya harusi. Sahani pana inaona mbali chini na inamaliza eneo kubwa kwa haraka, na mimi nilijivunia. Nilipita kona yote. Mashine ililia kila mahali: misumari ya mabati, waya wa kuku, sindano za cherehani, kifuniko cha sufuria. Tulichimba, tukatoa, tukapita tena. Jumatatu ikaisha hivyo, Jumanne pia. Kwenye kichaka cha maua sahani haikuingia. Majani yaliisukuma juu, nami nikakizunguka. Kando yake nilikuwa nasikia mvumo mpana, dhaifu, usio na umbo. Niliuweka katika hesabu ya udongo.

Jumatano asubuhi Bi Wairimu alikuja mwenyewe. Siku hizo alikuwa ameanza kuchoka, lakini alikuja, na chupa ya chai, na lile sanduku la mbao. Palikuwa na ukungu tena, ule mwepesi wa Ruiru unaopanda kutoka mtoni na kufanya kila nyumba ionekane kama inafikiria kuondoka. Alinimiminia chai. Tukasimama tukinywa, tukitazama kona, na Mama Wangari alikuwa kwenye mlango wa nyuma, akitutazama sisi.

Sijui kwa nini niliuliza. Labda ni kwa sababu maua yalikuwa yamechanua usiku ule, na yalikuwa mazuri.

"Mama, haya maua mlipanda mkimzika?"

"Zii. Yalikuwepo. Vijana wa kanisa walichimba kando yake, wakafurahi sana ati maua iko tayari." Akatabasamu kidogo. "Alipanda mwenyewe. Siku ile tulionyeshwa ploti. Hata nyumba hatukuwa nayo. Alienda mtoni akaleta, akapanda hapo chini. Mimi nilikuwa msichana. Nilisema, ona huyu mwanaume, hana hata jiko na ananipandia maua."

Bi Wairimu aliacha kunywa. Aliniangalia, nami nikamwangalia, na nikahisi shahada yangu ikinitoka kimya kimya kupitia mfuko wa suruali.

Wasomaji wa pande zetu wameshanipita mbio. Ua lile ni itoka. Wazee Wakikuyu walipotaka kuonyesha mahali ardhi ya mtu inapoishia, kabla ya zege na pini, walipanda itoka. Halifi kwa kiangazi, mbuzi halili, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeling'oa, maana laana yake haina dawa. Bibi yangu alikuwa nayo kila kona ya shamba lake. Niliruka juu yake utotoni. Kisha nikasoma, nikafika Gitothua na mashine, nikaona maua ya makaburini.

"Ulikuwa hujui itoka, Mama?" Bi Wairimu akamuuliza, kwa sauti ya chini.

"Nitajua wapi? Mimi nimezaliwa laini za kahawa, ya mzungu kwanza, halafu ya kampuni. Sisi tungepanda mpaka wa nani?" Kisha akayatazama maua. Nikaona linamfikia. "Kwa hivyo si maua alinipandia."

Bi Wairimu aliweka kikombe chake juu ya ukuta wa banda la kuku.

"Alikupandia ploti," akasema.

Tulituma mtu amwite Karanja, kwa sababu jambo kama hilo halifanywi mmoja wa majirani akiwa hayupo. Karanja alikuja, akaelezwa, na alipoona nimeshika panga alirudi nyuma.

"Itoka? Mnakata itoka? Wacha nitoke kwanza hapa. Niko na watoto mimi."

"Hakuna anayekata," nikamwambia. "Tunaiomba njia."

Ndani ya sanduku la mbao la Bi Wairimu mlikuwa na sahani ndogo, ndogo kama kisahani cha kikombe cha chai. Nilikuwa nimeicheka zamani. Nilipiga magoti, haya haya yaliyonistaafisha, nikagawanya majani kwa mikono miwili kama anayetafuta uso ndani ya nywele, nikaingiza sahani katikati ya mashina. Nikaizoesha udongo. Kelele zikapungua. Mvumo. Pumzi. Kisha nikaisogeza kidogo, na ikalia: moja, nyembamba, safi, na kimya pande zote. Misumari hailii hivyo. Hulia ikikatikakatika, kama watu wanaokatizana maneno. Pini iliyosimama wima huita kutoka mahali pamoja, na haina haraka.

Tulichimba kwa vidole na kisu cha jikoni, tukiacha mizizi ya ua, iliyovimba kama vitunguu, mahali pake. Kwanza ilionekana zege, imefunikwa na mizizi kama yai kwenye kiota, kisha kichwa cha pini, chekundu kwa kutu. Mume alipanda ua lake juu ya bikoni, siku ile ile, ili asidanganywe.

Nilikuwa bado nimepiga magoti Mama Wangari aliponigusa bega.

"Nipe na mimi nisikie."

Nilimvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa. Nikapitisha sahani. Alifumba macho. Ukungu ulikuwa unaondoka, na mahali fulani mtoto alikuwa anaitwa aje kuvaa viatu, na yeye alisimama pale, futi shingoni, akisikiliza. Aliniashiria nirudie. Nikarudia. Nadhani nilirudia mpaka betri ikaanza kulalamika.

Ningependa kuishia hapo. Lakini bikoni haiwi rafiki ya mtu. Tulivuta kamba kutoka kibarazani mpaka kwenye itoka, na kamba ikanyooka, na wote tukaona. Vijana wa kanisa walikuwa wamechimba kando ya ua bila kujua ua ni nini. Kamba ilipita juu ya kaburi. Kichwa, kifua na mapaja vilikuwa kwa Mama Wangari. Kuanzia magotini, mzee alikuwa kwa Karanja.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimepata nilichotumwa kupata, na sikumbuki siku nyingine niliyotamani zaidi mashine iwe imenidanganya. Karanja alitembea kando ya kamba, akarudi. Aliinama akapima kwa macho. Mama Wangari hakumsihi. Alisimama tu upande wa kichwani.

"Bi Wairimu," Karanja akasema mwishowe, "nyumba yenyewe si lazima iachane na mpaka kidogo? Kisheria?"

"Ni lazima. Michoro yako imebana sana. Nilikuwa nakwambia."

"Basi ni ukuta tu wa kugombania." Akakuna kichwa chini ya kofia. "Ukuta unaweza kupinda hapa. Uzunguke, halafu urudi kwa laini yake." Akamgeukia Mama Wangari. "Mama, miguu nimemwachia. Lakini asinyooshe tena."

Mama Wangari alicheka. Alianza kwa kucheka, angalau. Kisha aliingia ndani, tukasikia cherehani ikianza.

Ukuta ulijengwa wiki chache baadaye, na kona yake ukiitazama leo utadhani fundi alikuwa amelewa. Unakuja umenyooka, unafika karibu na itoka, unaingia ndani kwa heshima kama mtu anayepita mbele ya wazee, kisha unarudi kwenye mstari. Bi Wairimu hayupo tena, na sanduku lake liko kwangu. Karanja amezeeka, anauza gorofa zake arudi shamba. Alifanya jambo lile kwa mdomo, watu wawili wakiangaliana, na mnunuzi wake mpya hana habari. Anaona ukuta uliopinda, na ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo, Nyambura, chukua ile ya katikati, ya kijivu, isiyo na sura. Haikatai chuma. Ina kitufe cha udongo. Omba waongezee sahani ndogo. Watakwambia wanaoanza hawaihitaji, uwaambie guka wako amesema. Ukifika Gitothua, bikoni iko palepale chini ya itoka, huna haja ya kuitafuta. Utaipima, utachora mstari ulionyooka, kwa sababu ndivyo ulivyo, na kazi yetu si kupinda mistari. Lakini kabla hujampa mnunuzi mchoro wako, mlete asimame hapo kwenye kona, umweleze kwa nini ukuta unazunguka. Mweleze polepole. Karanja alielewa akiwa amesimama, hakuelewa akiwa kwenye michoro.

Na hakikisha mashine ina tundu la hedifoni, na hedifoni zenyewe ziwe pana, za kutosha kupita juu ya kitambaa cha kichwa. Mama Wangari atatoka dukani akikuona. Atataka kusikia kwanza, kabla ya kazi yoyote.